Punje Iliyoelea kwenye Maji ya Mama Wembe

Mama Wembe alikuwa hasalimii mtu kabla hajaisalimia mashine yake. Akifika asubuhi anavua viatu vya njiani, anavaa ndala, anaondoa kifuniko cha plastiki, anaipangusa mashine kwa brashi laini kutoka juu mpaka chini. Akimaliza ndipo anageuka na kusema, "Haya, hamjambo humu ndani?" utadhani wenzake ndio kwanza wanaingia. Miaka thelathini na moja alifanya hivyo hivyo, na hakuna mkuu wa maabara aliyethubutu kumkumbusha nani huanza kusalimiwa.

Kazi yake ilikuwa kukata. Kipande cha mwili wa mtu hakitazamwi kwa hadubini hivi hivi. Kwanza hugandishwa ndani ya nta, kikawa kijidonge cha mraba kama kipande cha sabuni. Kisha lazima apatikane mtu wa kukikata kwa wembe wa mashine, vipande vyembamba hata pumzi ya mkataji inaweza kuvipeperusha. Vikitoka kwenye wembe vinashikana kimoja kwa kingine, vinakuwa utepe. Utepe unalazwa juu ya maji ya uvuguvugu kwenye beseni jeusi, unajinyoosha, na hapo mkataji anauchota kwa kioo kidogo. Kioo kinakwenda kutiwa rangi, kisha kwa daktari. Kusema ni rahisi. Wengi walijaribu kiti kile na wakatoka na nta iliyosagika kama unga.

Yeye mwenyewe aliingia hospitalini akiwa muosha vioo, mtoto wa pili bado ananyonya. Mkataji wa zamani, mzee mmoja mkali asiyependa maneno, alimwona jinsi anavyoshika vioo kwa kingo tu bila kuacha alama ya kidole, akamwita na kumkalisha mbele ya mashine. Alimfundisha miaka miwili. Siku mkono wa mzee ulipoanza kutetemeka, alimkabidhi kisanduku chake cha nyembe, akaenda zake nyumbani bila hata sherehe ya chai. Tangu siku hiyo mwanamke yule akawa Mama Wembe, na jina la nyumbani likabaki kwenye karatasi za mshahara.

Sasa, sifa haimdhuru mtu anayejua kuibeba, na Mama Wembe hakujua. Ilimlevya taratibu, mwaka hadi mwaka. Muulize Makombo.

Makombo ndiye mtia rangi, na huyo naye wazazi wake hawakumwita hivyo. Miaka kumi na moja nyuma alikuwa anajifunza kukata. Siku moja alisahau kusafisha maji ya beseni baada ya kukata utumbo, akaweka utepe wa ngozi ya mgonjwa mwingine, na punje ya utumbo iliyokuwa ikielea ikajibandika kwenye ngozi. Mkuu wa maabara akashinda siku nzima akijiuliza ngozi ya mkono imeotaje utumbo. Mama Wembe alipogundua alicheka mpaka akashika ukuta. "Huyu anapika kwenye sufuria yenye makombo ya jana!" alisema, na jina likanata hapo hapo. Alikisimulia kisa hicho kila palipokuwa na masikio, hata kwenye harusi ya kijana mwenyewe, kwa kipaza sauti, mbele ya wakwe. Makombo alicheka pamoja na watu. Ila hakurudi tena kwenye kiti cha kukata.

Mwaka ule maabara ilikuwa na kazi ya Daktari mmoja, mwanamama mwembamba asiyejua kula kwa wakati. Alitaka kujua jambo ambalo ukilisikia mara ya kwanza linachekesha: mtoto aliye tumboni, ambaye hajala kitu wala hajakutana na kijidudu, utumbo wake unapata lini seli za kinga, wale walinzi wa mwili?

"Nyumba haijaezekwa, mama," alimweleza Mama Wembe siku ya kwanza, "lakini walinzi wameshaanza kufika. Mwezi wa tatu hivi unamwona mmoja hapa, mmoja pale, kila mtu na lwake. Miezi inasonga, wanaongezeka, ndipo wanajikusanya na kupiga kambi kwenye ukuta wa utumbo. Adui hajazaliwa kwao, na wao wako kazini. Nataka kujua hizo kambi zinaanza lini."

"Walinzi wa kwetu wangekuwa hivyo tusingeibiwa kuku," alijibu Mama Wembe.

Vipande vya kazi ile vilitoka kwa akina mama ambao mimba zao zilitoka zenyewe na ambao walikubali, kwa sahihi, vitumike. Havikuwa na majina, vilikuwa na namba na idadi ya wiki. Lakini kimoja, cha wiki kumi na moja, kila mtu pale alijua ni cha nani, kwa kuwa mwenyewe hakukificha. Kilikuwa cha fundi cherehani wa hospitali, aliyekaa chumba cha chini karibu na dobi, akishona mashuka yaliyochanika na makoti ya wauguzi. Alikuwa ameolewa miaka saba bila mtoto, akashika mimba, na mimba ikatoka. Kila akikutana na Daktari kwenye korido aliuliza swali moja: "Daktari, mlipata chochote?"

Jumatatu kilipokatwa kipande kile, walikuja wanafunzi wa uuguzi kutembezwa maabara. Kama kuna kitu Mama Wembe alikuwa hawezi kukikataa, ni watazamaji. Alianza na kijidonge cha tonsi, ile tezi ya koo, ya mtu mzima aliyefanyiwa upasuaji. Tonsi imejaa seli za kinga tele, ndiyo maana huwa ya kujaribia rangi. Utepe ulitoka mrefu kama mkono, wanafunzi wakaguna. Basi akapata moto. Akaanza kuwasimulia habari za Makombo na ngozi iliyoota utumbo.

Sheria ya beseni aliifundisha yeye: ukimaliza kijidonge kimoja, kabla ya kingine, pitisha karatasi juu ya maji mara tatu, ibebe kila punje iliyobaki. Aliwaimbisha wote waliopita mikononi mwake: "Karatasi, karatasi, karatasi!" Siku ile aliifikia sehemu tamu ya kisa, pale mkuu wa maabara anapoikuna ngozi yake mwenyewe kwa wasiwasi, na mikono ikajiendea yenyewe. Ilitoa tonsi, ikaweka kijidonge cha fundi cherehani, ikakata, ikalaza utepe juu ya maji. Wanafunzi walicheka, mmoja akapiga makofi. Karatasi zilibaki kwenye boksi, kavu.

Alhamisi Daktari alitoka chumbani kwake karibu anakimbia. "Njooni! Njooni muone!"

Mama Wembe alikuwa wa kwanza kukaa kwenye hadubini, kwa heshima ya umri. Aliuona ukuta wa utumbo, mwembamba na laini, wa wiki kumi na moja. Na katikati ya ukuta aliziona seli za kinga zimesongamana, zimeshika rangi ya kahawia iliyokolea, kambi nzima iliyokamilika mahali ambapo palitakiwa pawe na mlinzi mmoja mmoja. Vidole vyake vilizungusha kirungu cha kulengea, kile kinachosogeza lenzi juu na chini, kidogo tu. Ukuta wa utumbo ukafifia, kambi ikang'aa. Akarudisha, ukuta ukang'aa, kambi ikafifia. Kumbe havikuwa mahali pamoja. Kambi ilikuwa juu ya utumbo, si ndani yake, na pembeni ilikuwa na mkunjo mdogo, kama shuka lililotupwa kitandani. Damu ilimpanda usoni hadi masikio yakawaka. Ilikuwa tonsi. Punje ya tonsi ya mtu mzima, iliyoelea kwenye maji yake yeye.

"Mama, unaona?" Daktari alikuwa nyuma yake, mikono imekamata kiti.

"Naona," alisema Mama Wembe.

Neno lile halikuwa la uongo. Aliinuka, akampisha mwingine, akaenda kunawa mikono ambayo haikuwa michafu.

Daktari si mtu wa kurukia mambo. Aliomba kijidonge kile kikatwe zaidi. Mama Wembe alikata vipande arobaini, akapitisha karatasi kila mara hadi maji yakawa kama kioo cha kujitazamia. Kambi haikuonekana tena. Pale ndipo pangekuwa pa kusema. Daktari mwenyewe alimfungulia mlango: "Au kuna kitu tumekosea?" Mama Wembe akainama kufunga sanduku la nyembe, akajibu kwamba kitu kidogo huisha upesi kikikatwa.

"Kweli," alisema Daktari, uso umemng'aa. "Tumeikuta kwenye kioo kimoja tu. Bahati iliyoje!"

Kesho yake Daktari alikutana na fundi cherehani kwenye korido. Swali likaja lile lile. Na Daktari, ambaye kwa kawaida angesema bado tunatazama, siku ile furaha ilimzidi akamwambia kwamba walinzi walikuwa wameshapiga kambi.

Nyumbani, mume wa Mama Wembe, karani mstaafu wa idara ya maji, aliona chakula kinazungushwa tu kwenye sahani. "Leo umekata nini, mke wangu? Ulimi?"

"Nimechoka tu, mzee."

"Ukichoka huwa unagomba. Kimya hiki sikijui mimi."

Hakumwambia. Angemwambiaje? Mume yule alikuwa anamtangaza mtaa mzima: mke wangu mkono wake haujawahi kukosea. Akaanza kujitetea kimoyomoyo. Labda jicho limemdanganya. Labda kirungu cha hadubini kimelegea. Na katika kujitetea huko likamjia wazo moja baya kuliko yote: kwamba punje huweza kudondokea pia kwenye bakuli la rangi, na mtia rangi ni Makombo, na kwa Makombo nani angeshangaa? Alilifukuza wazo lile. Ila alikuwa ameshalikaribisha akalikalisha kitako, na alijua hivyo, na akajionea haya mbele ya sahani yake mwenyewe.

Siku zikapita. Alipishana na Daktari akitazama sakafu. Wenzake walidhani anaumwa, wakamshauri apimwe presha.

Siku ya kumi na mbili mlango wa chumba cha kukatia uligongwa. Alikuwa fundi cherehani, amebeba kitu kilichokunjwa vizuri. Kilikuwa koti jipya la kazi, jeupe, mifuko mirefu ya kuingia brashi, mishono imepigwa mara mbili mabegani.

"Nimekukadiria kwa macho, mama. Likibana nitalegeza."

"La nini tena, mwanangu?"

"Daktari kaniambia ni mikono yako." Alibaki amesimama, hakujua aiweke wapi ile yake. "Mimi nilikuwa najua hakuwa na kitu. Wenzangu walikuwa wananiambia, ah, hiyo ilikuwa damu tu, utapata mwingine. Kumbe alikuwa na walinzi wake tayari. Alikuwa anajiandaa aje. Nimemwambia baba yake. Tulilia, mama, halafu tukalala. Asante."

Mama Wembe alilipokea koti kwa mikono miwili. Alitamani ardhi ipasuke immeze na koti lake. Akasema, "Asante nawe, mwanangu," na mlango ukafungwa.

Alikuwa bado amelikumbatia Makombo alipoingia na sinia la vioo. "Koti zuri hilo."

"Makombo. Kile kioo cha wiki kumi na moja…"

"Najua."

"Unajua nini?"

"Ni punje. Nilipokitoa kwenye rangi tu niliuona mkunjo." Aliweka sinia mezani polepole. "Nani anaijua punje kunishinda mimi?"

"Tangu siku ile? Mbona hukusema?"

"Ningesema, wewe ungesema imedondoka kwangu, kwenye rangi. Tungebishana. Na kati yako na mimi, mama, watu wangemwamini nani?"

Mama Wembe alifungua mdomo kumwambia ningekuwaje na moyo huo. Akaufunga, kwa sababu moyo huo alikuwa nao, na ulikuwa umeshafanya hesabu hiyo tangu Alhamisi ile. Mcheka kilema hafi bila kumfika, wahenga walisema. Makombo alikuwa na haki ya kumtupia methali ile usoni, na kicheko juu yake. Hakufanya lolote kati ya hayo. Alipanga vioo vyake tu, akisubiri.

Mama Wembe alimwita kwa jina lake, lile alilopewa na mama yake mzazi. Lilitoka kwa shida, kama mlango usiofunguliwa miaka mingi. "Nisamehe."

Makombo aliinamia sinia. "Nenda kwa Daktari kabla ya saa sita," alisema. "Mchana huwa ana haraka."

Alikwenda. Alisimama, akakataa kiti, akasema yote: wanafunzi, kisa, karatasi zilizobaki kavu, kirungu cha hadubini, na siku kumi na mbili. Daktari alisikiliza bila kumkatiza. Kisha akaweka kioo kwenye hadubini, akazungusha kirungu mwenyewe, mbele, nyuma, mbele. Akavua miwani.

"Nami nilipaswa kuona," alisema. "Nilitaka mno iwe kweli." Aliifungua droo, akatia humo picha ya ile kambi, akaifunga. "Lakini nilikuuliza, mama. Nilikuuliza wazi wazi."

"Uliniuliza."

"Punje ningeisamehe siku hiyo hiyo."

Hakumpigia kelele wala hakumfukuza, na Mama Wembe angeshukuru kama angefanya moja kati ya hayo. Badala yake Daktari alichukua vile vioo arobaini, vilivyokatwa kwa maji safi, wakakaa kuvipitia pamoja, zamu kwa zamu. Kambi haikuwepo. Lakini kwenye kioo cha tisa kulikuwa na seli moja ya kinga, kahawia, peke yake, ndani kabisa ya nyama ya utumbo. Kirungu kilipozungushwa ilififia pamoja na ukuta na kung'aa pamoja na ukuta. Wakaendelea. Walipofika mwisho walikuwa wamepata saba.

"Fundi cherehani nitamwambia mimi," alisema Daktari. "Ni mimi niliyeharakisha."

"Hapana. Niachie mimi."

Chumba cha chini kilikuwa na joto la pasi na harufu ya sabuni ya dobi. Fundi cherehani alimwona kwa mbali, akatabasamu. "Limebana, ee? Nilijua. Mabega yako yamepanuka kwa kukata."

"Halijabana, mwanangu. Zima mashine kidogo."

Aliizima. Mama Wembe akamweleza, kwa maneno mepesi, asiache mahali pa kujificha hata yeye mwenyewe. Kwamba ile kambi haikuwa ya mwanawe, ilikuwa ya koo la mtu mzima asiyemjua. Kwamba ilibebwa na maji, na maji hayakusafishwa, kwa sababu mkataji alikuwa anajionyesha kwa wanafunzi. Alipomaliza, shuka lililokuwa chini ya sindano lilikuwa limeteleza hadi sakafuni na hakuna aliyeliokota.

"Ulijua lini?" aliuliza fundi cherehani.

"Siku ile ile Daktari alipotuita."

"Kabla hajaniambia mimi?"

"Kabla."

"Kwa hiyo asubuhi, nilivyokuletea koti…"

"Nilikuwa najua."

Fundi cherehani alitikisa kichwa taratibu. "Nilikuwa silali, mama. Tangu mimba itoke nilikuwa silali. Hizi siku ndizo nimelala." Aliyasema bila hasira, na Mama Wembe angeivumilia hasira kuliko ile sauti. Hakujua tena aombe msamaha wa kunyamaza au wa kusema.

Akashika kile alichokuja nacho, kitu pekee cha kweli alichokuwa nacho mkononi. "Mwanangu, nisikilize. Kambi haikuwepo, lakini walinzi walikuwepo. Tumevipitia vioo vyote leo, mimi na Daktari. Walikuwa wameanza kufika, mmoja mmoja, kama inavyotakiwa kwa umri wake. Nimewaona kwa macho yangu. Saba."

Fundi cherehani alimtazama uso kwa uso, kama anavyokitazama kitambaa anachohofia kitachuja rangi.

"Na hao saba," aliuliza, "ni wa mwanangu kweli, au nao wameelea?"

"Ni wa mwanao."

Fundi cherehani aligeukia mashine yake. Aliinama akaokota shuka, akalikung'uta, akalirudisha chini ya sindano. Mama Wembe alisimama pale akingoja neno moja, lolote, hadi mashine ilipoanza kulia, na akaelewa kwamba hakuna namna duniani ya kumfanya mwanamke yule amwamini.